Mvinyo wa Bordeaux wa 2024: Nilipe Sasa au Nisubiri?

Duka ninalonunulia mvinyo hapa New Jersey limeniletea orodha yake ya Bordeaux, mvinyo wa eneo hilo la Ufaransa, ya mavuno ya 2024, pamoja na mwaliko wa kulipia kasha la mvinyo ambao bado haujatiwa hata kwenye chupa. Ndivyo biashara ya huko inavyokwenda: kila Aprili wanunuzi na waandishi huonja mvinyo ukiwa ungali kwenye mapipa ya mwaloni, kisha wenye mashamba hutangaza bei zao hadi Juni, nasi wateja wa mwisho tunatakiwa kulipa leo mzigo utakaofika baada ya miaka miwili hivi. Bei za mwaka huu wa 2025 zimeshuka kweli. Lafite Rothschild, shamba mojawapo kubwa la huko, ambao mvinyo wao wa 2023 ulitoka kwa yuro 396 kwa chupa, wametoa wa 2024 kwa yuro 288, na hiyo ni bei ya wafanyabiashara wa jumla wa Bordeaux, si ya mnywaji. Mimi silengi ngazi hiyo, lakini wakubwa wanapopunguza, hata wale ninaowamudu hulazimika kupunguza. Kilichonizuia kutoa kadi ni sentensi moja iliyo chini kabisa ya orodha, kwa herufi ndogo, isemayo kwamba ushuru wowote utakaotozwa siku mzigo unapoingia nchini utakuwa juu ya mteja.

Sentensi hiyo siioni kuwa ujanja, kwa sababu ndivyo forodha inavyofanya kazi. Ushuru hutozwa kwa kiwango cha siku bidhaa inapoingia, hata kama pesa zilishalipwa miaka miwili kabla. Kwa hiyo kuuliza ushuru ni kiasi gani leo, katikati ya Juni 2025, hakunisaidii sana. Swali lenye maana ni utakuwa kiasi gani mwaka 2027, na hilo halina wa kulijibu. Tazama tu miezi michache iliyopita. Tarehe 13 Machi 2025 Rais Trump alitishia kutoza mvinyo wa Ulaya asilimia 200. Tarehe 2 Aprili akatangaza asilimia 20 kwa bidhaa za Umoja wa Ulaya, na wiki moja baadaye akaishusha hadi 10 kwa siku 90. Mwishoni mwa Mei akataja asilimia 50 kuanzia Juni mosi, kisha akaiahirisha hadi tarehe 9 Julai. Katikati ya hayo yote, Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua tarehe 28 Mei kwamba ushuru huo hauna msingi wa kisheria, katika kesi ambayo mlalamikaji wake wa kwanza ni mwagizaji wa mvinyo wa New York, V.O.S. Selections, lakini siku iliyofuata mahakama ya rufaa ikausimamisha uamuzi huo kwa muda. Sisi tuliokulia Kenya tumezoea kodi ya pombe kupanda mwezi wa Juni, baada ya Waziri wa Fedha kusoma bajeti, na walevi wa mtaani huwa wameshajiandaa. Hapa mtu hajui hata asubuhi ipi aamke na hofu.

Anayedhani kwamba hofu inatosha kumwongoza arudi nyuma kidogo aangalie yaliyotokea mara ya mwisho. Tarehe 18 Oktoba 2019, kwa sababu ya mgogoro wa ruzuku za ndege za Airbus, Marekani ilianza kutoza asilimia 25 kwa mvinyo wa Ufaransa wenye kilevi kisichozidi asilimia 14. Waliokuwa wamelipia Bordeaux ya 2017 katika majira ya kuchipua ya 2018, wakati ambapo hapakuwa na ushuru wa aina hiyo, walipata mizigo yao ikiingia mwaka 2020 ushuru ukiwa umepamba moto. Waliolipia mvinyo wa 2019 mwaka 2020, katikati ya ushuru na korona, walinunua kwa woga, na bei nazo zilishushwa kwa woga huohuo: shamba la Pontet-Canet walipunguza kwa takriban theluthi moja. Mizigo yao ilipofika mwaka 2022, ushuru ulikuwa umekwisha kusimamishwa tangu Machi 2021. Kundi la kwanza halikukosa akili, wala la pili halikuwa na ramli. Katika kipindi hichohicho kulikuwa na kichekesho kidogo cha lebo: mvinyo wa Pomerol au Saint-Émilion, sehemu za Bordeaux ambako zabibu za Merlot huiva na sukari nyingi, uliweza kuandikwa asilimia 14.5 na kupita bila nyongeza, huku jirani yake wa Médoc, sehemu nyingine ya Bordeaux, mwenye asilimia 13.5 akilipa, mpaka mwanya huo ulipozibwa Januari 2021.

Jambo ambalo wanywaji wengi hawalitilii maanani ni kwamba ushuru wa kawaida wa mvinyo nchini Marekani huhesabiwa kwa ujazo. Kwa mvinyo wa kawaida wa kilevi kisichozidi asilimia 14 ni senti 6.3 kwa lita, yaani chupa moja hailipi hata senti tano, iwe ni ya dola sita au ya dola mia sita. Ushuru mpya wa 2025 ulihesabiwa kwa asilimia ya thamani, na ndiyo maana mnunuzi wa Bordeaux ya bei kali aliumia kuliko mnunuzi wa mvinyo wa mezani. Tena hauishii bandarini. Tuchukue mfano wa chupa inayomgharimu mwagizaji dola 60. Asilimia 10 ni dola sita, lakini mwagizaji, muuzaji wa jumla na mwenye duka wote huongeza faida yao kwa asilimia juu ya gharama. Wakiongeza 30 kila mmoja, zile dola sita zinakuwa dola 13 zinapofika rafuni. Mvinyo wa hali ya juu mara nyingi huuzwa kwa faida nyembamba zaidi ya hiyo, na wapo wauzaji waliokubali kubeba sehemu ya mzigo, ila sidhani kama uvumilivu huo utadumu hadi 2027.

Kisha kuna thamani ya dola, ambayo haipigiwi kelele hata kidogo. Mwezi Januari 2025 yuro moja ilinunuliwa kwa takriban dola 1.04, na katikati ya Juni ilikaribia 1.15. Hiyo peke yake ni kama asilimia 10 nyingine, na hakuna mahakama inayoweza kuisimamisha.

Nikiyaweka yote hayo pamoja, sioni sababu ya kulipia 2024. Mwaka wenyewe ulikuwa wa mvua nyingi na ugonjwa wa ukungu uliosumbua mizabibu, na hata wanaousifu huusifu kwa wepesi wake, si kwa uwezo wa kukaa miaka thelathini. Wakati huohuo yapo maghala humu nchini yenye mvinyo wa 2016 na 2019, miaka miwili bora kuliko huo, uliokwisha kupita forodha na ambao bei yake inajulikana hadi senti ya mwisho. Mimi ni mpenzi wa mvinyo wa Léoville Barton, shamba la Saint-Julien huko Bordeaux, na kwa pesa ambazo ningezifungia kwenye kasha zima la 2024 nitachukua chupa sita za 2016 ambazo naweza kuzibeba Jumamosi hii. Nitakachouliza kabla ya kulipa ni kama chupa hizo zimo ghalani hapa au ziko Bordeaux zikisubiri meli, kwa maana maduka mengi huorodhesha aina zote mbili ukurasa mmoja, na ya pili inarudisha mashaka yaleyale. Nitauliza pia zimehifadhiwa wapi tangu zilipofika, kwani majira ya joto ya hapa huharibu mvinyo haraka kuliko ushuru unavyoharibu bei.

Ningekuwa na sababu ya kulipa mapema kama ningehitaji chupa kubwa za lita 1.5, ambazo huagizwa kabla mvinyo haujatiwa chupani na baadaye huwa adimu, au kama ningekuwa na mtoto aliyezaliwa 2024 na nikataka mvinyo wa mwaka wake. Shemeji yangu wa Baltimore anaye mtoto huyo. Nimemshauri aagize chupa tatu badala ya kasha, na atenge robo ya bei pembeni kwa ajili ya forodha.