Mlango wetu una sheria, ukuta wake hauna

Naandika nikiwa Bagamoyo, nimekaa barazani kwa bibi. Bibi mwenyewe hayupo tena, Mungu amrehemu, ila nyumba hatujawahi kuiita jina jingine. Mvua imekatika jana jioni na ukuta wa kushoto unatoa jasho kama mtu mwenye homa, ukiuweka kiganja unatoka na maji na unga mweupe wa chumvi. Shangazi kaegemeza gogo kwenye fremu ya mlango maana upande mmoja umeanza kuinama, na kila anayeingia anaambiwa "pita kulia mwanangu, kushoto usiguse".

Nyumba ni ya kipindi cha Mjerumani, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, juu boriti za mikoko. Vyumba ni virefu halafu vyembamba, nilipokuwa mdogo nilidhani wazee walikuwa wabahili wa nafasi, kumbe boriti ndio ina kikomo chake, ukipata ya mita 3 iliyonyooka unashukuru, kwa hiyo upana wa chumba aliyeupanga ni mti. Kuta zenyewe nene hatari, tukiwa watoto tulikuwa tunakaa dirishani mtu na mdogo wake na bado nafasi inabaki.

Sasa hilo jasho la ukuta tumejitakia wenyewe, nakiri. Miaka kadhaa nyuma tulichangishana kwenye grupu letu la WhatsApp (linaitwa Mirathi, tuko kumi na moja humo, mmoja yupo Maskati na ndiye alitoa hela nyingi kuliko wote), tukaona nyumba ya bibi imechubuka inatia aibu, tukamleta fundi akapiga plasta ya simenti nje na ndani, ikang'aa, tukapiga picha, tukapongezana. Masika mawili tu. Chokaa inaruhusu unyevu uingie na utoke, simenti haikubali, maji yanapanda toka chini au yanapenya juu kwenye bati bovu, yakitaka kutoka yanakuta njia imefungwa, basi yanabaki humo yanayeyusha udongo ulioshika mawe, na plasta inabanduka mapande makubwa kama ganda la mhogo uliochemka. Mzee mmoja fundi wa zamani tuliyemleta juzi aligonga ukuta na kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena, akasema "ukuta huu ulikuwa unapumua, nyie mmeuvalisha nailoni." Sikuwa na la kujibu.

Halafu kukaja habari ya mlango.

Mlango wetu ni wa kuchonga, mbao mbili na mfaa (ule mti wa kusimama) katikati, maua yamepanda kwenye miimo yote mpaka kizingiti cha juu, misumari ya shaba bado ipo ila michache imeng'oka. Kuna bwana alikuja toka Dar na gari zuri, kaupapasa, kaupiga picha, kataja bei ambayo ilifanya grupu la Mirathi liwe na meseji mia na kitu kwa usiku mmoja. Hoja ya wanaotaka kuuza haikuwa ya kijinga hata kidogo, walisema tuuze mlango hela zitengeneze nyumba. Mimi ndio nikajifanya msomi, nikasema ngoja nisome sheria kwanza.

Aisee. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964, ikarekebishwa 1979, na jengo kuhesabika kuwa la kale kwa umri wake peke yake linatakiwa liwe limejengwa kabla ya 1863. Nyumba ya bibi haifiki, hata Boma la Wajerumani hapo mbele ambalo watalii wote wanapiga nalo picha ni la 1897 halifiki, majengo ya namna hiyo yanalindwa pale waziri anapotangaza jengo au eneo lake kwenye Gazeti la Serikali, na sisi tuko pembeni huku nje ya mji mkongwe. Lakini milango ya mbao iliyochongwa ina mstari wake mwingine, yenyewe ni kabla ya 1940. Bibi alizaliwa 1931 akaukuta mlango upo na umeshazeeka, kwa hiyo hapo hakuna ubishi. Yaani mlango huwezi kuuza wala kuutoa nchini bila kibali, ila ukuta unaoushikilia huo mlango ukitaka kuanguka uanguke tu, hauna wa kumuuliza. Niliposoma hivyo kwenye grupu mjomba akatuma emoji ya kucheka, kisha akaandika "basi tuubakishe mlango umesimama peke yake uwanjani."

Nikaenda ofisi inayohusika kuuliza kama kuna msaada wowote wa matengenezo. Kijana alinipokea vizuri tu, kaniambia niandike barua. Nimeandika.

Na usidhani kutengeneza kwa njia sahihi ni rahisi. Boriti za mikoko huwezi kwenda kujikatia, mikoko ni hifadhi, unahitaji kibali nacho. Chokaa ya zamani walikuwa wanachoma matumbawe, leo ukiyagusa baharini unatafuta kesi, kwa hiyo unanunua ya mifuko unailaza kwenye shimo na maji, mzee anasema ikikaa miezi ndio inakuwa laini kama siagi. Kila kitu cha kukarabatia kilicholindwa nacho kimelindwa! Wenzetu wanaosema tubomoe tujenge lodge ya tofali siwalaumu kama zamani nilivyokuwa nawalaumu, mtu ana mvua kichwani wewe unamhubiria urithi. Na hela peke yake haitoshi pia, Zanzibar Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000 na bado sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020, wakafa watu wawili. Jumba la sultani lile, sembuse la bibi.

Tulichokubaliana mpaka sasa, baada ya kununiana sana: mlango hauuzwi, shangazi kagoma na yeye ndiye anayelala humu. Bati linabadilishwa kwanza maana mzee kasema ukianza na ukuta huku juu kunavuja unamkausha mtu aliye chini ya bomba. Simenti yote inabanduliwa kwa patasi, taratibu, halafu ukuta unaachwa uchi kiangazi kizima ukauke, ndipo ipigwe chokaa. Wa Maskati kauliza "kwa hiyo itakaa mbaya mwaka mzima?" Ndiyo, itakaa mbaya.

Leo asubuhi tumeanza na kipande cha chini dirishani. Simenti ilipotoka nikaona chokaa ya zamani bado ipo nyuma yake, ya rangi ya maziwa, na alama za vidole vya mtu aliyeipaka. Mzee kaniambia hapo tusiguse, kipande hicho bado kizima. Shangazi yeye hakuja kuangalia, alikuwa mlangoni na limau na majivu anasugua misumari ya shaba, huku ananiuliza yule bwana wa Dar kapiga tena simu au bado.