Shikamoo isiyokoma

Leo asubuhi nimefungua terminali (dirisha la kuandikia amri) kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu, ikaanza kuandika "Shikamoo" mstari baada ya mstari, kila sekunde moja. Ctrl+C, ya kukatiza amri inayoendelea, haikusaidia. Nikaifunga, nikafungua nyingine: shikamoo, shikamoo. Na ripoti ilitakiwa saa nne!

Nikakumbuka .bashrc, faili ambalo Bash, programu inayopokea amri ndani ya terminali, hulisoma kila dirisha jipya linapofunguliwa. Nikaingia kwenye mafaili bila terminali, nikabonyeza Ctrl+H yaliyofichwa yaonekane, nikalifungua kwa kihariri cha kawaida. Chini kabisa: trap '' INT, ndiyo iliyoiziba Bash masikio isisikie Ctrl+C, kisha while true, yaani rudia bila kikomo. Nikafuta yote mawili pamoja na mistari iliyofuata, nikahifadhi, nikafunga terminali na kufungua mpya. Kimya.

Jirani yangu wa meza alikuwa anacheka. Nikamwambia, kaka, kompyuta ya mtu aliye kazini usiiguse tena.