Mvua kutoka Cahors hadi Carcassonne, na utepe uliotufikisha

Mvua ilianza usiku, na asubuhi tulipopakia mizigo hapo Cahors, kusini mwa Ufaransa, ilikuwa haijakata. Daraja la Valentré, lile la karne ya 14 lenye minara mitatu, tuliliaga kupitia kioo chenye ukungu. Mbele yetu zilikuwepo kilomita kama 200 hadi Carcassonne, ambako chumba tulishakilipia. Dereva nilikuwa mimi, na wifi yangu alishika simu yenye ramani.

Mimi nilijifunza gari Moshi, na miaka yote nimeendesha Toyota zenye usukani wa kulia. Siku tatu za kwanza Ufaransa jua lilikuwa linawaka, nikaamini nimeshazoea kukaa kulia mwa barabara. Mvua ndiyo iliyonionyesha kwamba mikono yangu ilikuwa bado iko Moshi. Kwenye magari yetu kijiti cha indiketa kiko kulia kwa usukani na cha waipa kiko kushoto. Gari lile la kukodi lilikuwa kinyume. Jua likiwaka, ukikosea unapangusa kioo kikavu, basi. Mvua ikinyesha waipa tayari zinafanya kazi, kwa hiyo ukigusa kijiti kisicho chenyewe unaweza kuzizima, na indiketa haijawaka, na wewe moyoni unajua umeshawaonyesha wa nyuma unakokwenda. Ndivyo ilivyonitokea tukitoka mjini, kwenye kipilefti cha pili. Hata jina hilo tulilolizoea linakuambia ushike kushoto, na kule unashika kulia. Waipa zikasimama, kioo kikajaa maji, na gari la nyuma likapiga honi ndefu sana.

"Wifi, ingia pale usimame," akasema. Hakupandisha sauti, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

Palikuwa na duka la mikate. Nilikaa garini mikono ikitetemeka, yeye akashuka na mwavuli. Alirudi na keki ya jozi, zile kokwa ziitwazo walnut, kwa maana upande ule ni zao lao kubwa, ikiwa ndani ya boksi lililofungwa utepe mwekundu. Akaufungua ule utepe, akauzungusha mara tatu kwenye kijiti cha kushoto, akapiga fundo na kuacha ncha mbili zikining'inia. "Ukitaka kukata kona, tafuta utepe." Tangu hapo, kila tulipokaribia njia panda alisema neno moja tu: utepe. Nami nilihisi kitambaa kile kidoleni kabla ya kufanya lolote.

Tukaingia barabara kuu ya kulipia, A20. Ukiingia unachukua tiketi kwenye mashine, unalipa mbele ya safari. Kikomo huko ni kilomita 130 kwa saa, lakini mvua ikinyesha sheria inakushusha hadi 110, nami nilikaa 95 njia ya kulia bila aibu. Shida ni malori. Likikupita moja, kwa sekunde kadhaa huoni chochote ila maji meupe. Kilichonisaidia ni mistari ya ukingoni mwa barabara. Wafaransa wameichora mirefu yenye nafasi katikati, na vibao vinakueleza kwamba kati yako na gari la mbele ukiona mstari mmoja ni hatari, ukiona miwili ni salama. Mimi niliacha mitatu.

Tulipoipita Toulouse mvua ilizidi, tukaingia kupumzika Port-Lauragais. Ni kituo cha mapumziko cha barabara kuu ya A61, ila kiko ukingoni mwa mfereji wa Canal du Midi, na mashua zinafunga gati hapo hapo. Mfereji huo, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi karibu na bahari ya Mediterania, ulichimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet. Kazi yake ngumu kuliko zote ilikuwa kupata maji ya kujaza sehemu ya juu kabisa, Naurouze, kilomita chache mbele ya pale tulipokaa. Naurouze ndipo maji yanapogawana: mvua inayoanguka upande mmoja huishia Atlantiki, ya upande wa pili huishia Mediterania. Tulisimama chini ya kibaraza tukila keki na kutazama matone yakipiga turubai la mashua. Wifi akauliza, "Na hii ya hapa inakwenda wapi?" Atlantiki, nikamwambia, bado hatujavuka.

Castelnaudary tulifika saa saba na robo, na huko ukichelewa kupita saa nane jiko limefungwa, huna chakula mpaka jioni. Mji huo ni wa kasule, maharage meupe yanayopikwa polepole kwenye chungu pamoja na nyama ya bata na soseji za nguruwe. Wifi yangu ni Msabato, nguruwe hali, akaletewa paja la bata na viazi. Mimi nilimaliza chungu changu, na mabega yakalegea kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kutoka hapo tuliacha barabara kuu, tukafuata ile ya zamani kupitia Bram. Lori hakuna, ila vijijini kuna sheria inayotaka macho: pasipo na alama yoyote, anayetokea kulia kwako ndiye wa kwanza kupita, hata kama anatoka kichochoroni. Ukiona kibao cha njano chenye umbo la almasi, kipaumbele ni chako. Kikikatwa kwa mstari mweusi, kimeisha. Wifi alivitafuta hivyo vibao, mimi nikatafuta utepe.

Minara ya Carcassonne ilijitokeza mvua ikipungua, kuta zikiwa nyeusi kwa maji. Nilipozima gari wifi alinyoosha mkono kufungua lile fundo. Nikamwomba auache, kwa sababu kesho yake tulikuwa na safari ya Narbonne.