Jumamosi tuliyopiga namba zote

Ulipotoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, ule ulioruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi darasani, walimu wa unasihi, yaani ushauri nasaha, wa shule kadhaa za sekondari za Temeke, Dar es Salaam, tulianza kutafutana. Wasichana walikuwa wanarudi kweli. Huyu bado ananyonyesha, yule mtoto amemwacha kwa bibi Mkuranga, na shule ilitakiwa iwe na mtu wa kuwapokea. Kwa shule nyingi za jiji letu, mtu huyo ni mwalimu wa Kiswahili au Bayolojia mwenye vipindi vyake kamili, aliyekabidhiwa unasihi kwenye kikao cha walimu kwa sababu "anaelewana na watoto." Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, na huyo mnasihi kazi yake ni hiyo tu. Ziko shule Mbagala zenye wanafunzi zaidi ya elfu, na mnasihi wao ana madaftari ya kusahihisha.

Tukakubaliana Jumamosi moja mwanzoni mwa 2022, saa tatu asubuhi, kwenye darasa la shule iliyo karibu na Barabara ya Kilwa. Tulimwalika afisa ustawi wa jamii mmoja, mama wa makamo aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Wengi tulitegemea mada: nadharia za unasihi, hatua za mahojiano, mambo ya chuoni. Yeye alibandika karatasi ya manila ubaoni, akasema, "Walimu wangu, kila mmoja anipe namba anayopiga akiletewa mtoto aliyefanyiwa ukatili."

Tukazitoa. Nyingine zilikuwa zimenakiliwa kwenye mabango ya ukutani, nyingine zilitoka kwenye semina za zamani. Akaziandika zote. Kisha akaweka simu yake mezani, akawasha spika, akasema, "Haya, tupige."

"Mama, leo Jumamosi," mwalimu mmoja akamwambia.

"Na mtoto anabakwa Jumatatu hadi Ijumaa tu?"

Namba ya kwanza iliita mpaka ikakata. Ya pili alipokea kijana aliyekuwa kwenye daladala, konda anasikika nyuma yake; akatuambia laini hiyo ameisajili mwaka jana na amechoka kupigiwa na watu wanaotafuta ofisi asiyoijua. Ya tatu alipokea afisa mwenyewe, kwa heshima zote, ila alikuwa amehamishiwa Tabora. Ikafuata iliyofungwa, na nyingine ya ofisi iliyotutaka turudi Jumatatu tukiwa na barua ya mkuu wa shule. Zaidi ya nusu ya orodha ilikufa mbele ya macho yetu. Namba 116, ile ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ilipokelewa. Hiyo ni bure, inafanya kazi saa 24, mtoto anaweza kupiga mwenyewe na mtu mzima pia anaweza, na wanaopokea huiunganisha taarifa na ustawi wa jamii wa halmashauri husika. Wapo walimu kati yetu waliodhani ni ya watoto peke yao.

Orodha mpya aliyotujengea ilikuwa na safu tano. Kwanza cheo, si jina, kwa sababu mtu huhamishwa na cheo kinabaki. Pili jina la anayekishika sasa. Tatu namba mbili, ya mhusika na ya anayekaimu akiwa likizo. Nne saa anazopatikana kweli, si zile zilizoandikwa mlangoni. Tano tarehe ambayo namba ilijaribiwa mara ya mwisho, na kwa jaribio maana yake mtu alipokea na akataja cheo chake. Safu hiyo ya tano ndiyo niliyoiona ya maana kuliko zote. Orodha isiyo na tarehe humpa mwalimu matumaini ya bure, halafu akibeba kesi nzito jioni anaanza kupigwa danadana wakati saa zinakwenda.

Na saa zina maana. Aliandika 72 kwa kalamu nene, akaizungushia duara. Mtoto aliyebakwa anatakiwa aanze dawa kinga za VVU, zile zinazoitwa PEP, haraka iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72. Dozi ni siku 28, kwa hiyo lazima awepo mtu mzima wa kumkumbusha nyumbani. Chini yake akaandika 120: mpaka hapo bado kuna dawa ya kuzuia mimba, ingawa nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita. Shuleni kinachokula saa hizo kinajulikana. Mwalimu anamsubiri mkuu wa shule arudi kutoka kikaoni, mkuu anataka kwanza mzazi aitwe, mzazi anakuja kesho yake, na nyumbani wanakaa kikao cha familia kwa sababu mtuhumiwa ni mjomba.

Utaratibu aliotupa ni mfupi. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe. Zikishavuliwa ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye mfuko wa plastiki hupata unyevu na ushahidi huharibika. Mtuhumiwa asiitwe shuleni "kusikilizwa." Mwalimu asimhoji mtoto kwa undani, maana atahojiwa polisi, hospitali na pengine mahakamani, na kila anaporudia linafunguka jeraha lilelile. Kinachotakiwa ni kujua yuko salama usiku huu au hayuko, lilitokea lini, na ameumia wapi. Baada ya hapo ni safari. Kwa Dar es Salaam alituelekeza Kituo cha Mkono kwa Mkono cha Hospitali ya Amana, Ilala, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja na mtoto hazungushwi ofisi hadi ofisi. Ukianzia polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, usijieleze kaunta mbele ya watu. Fomu ya PF3 inatoka polisi na kesi inaihitaji, lakini akatusisitizia kwamba mtoto aliyeumia hapaswi kusubiri karatasi ndipo atibiwe.

Mwalimu mmoja akauliza itakuwaje mkuu wa shule akisema jambo limalizwe kimyakimya. Mama akafungua Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 aliyokuja nayo, kurasa zimekunjwa pembe, akatusomea sehemu inayomtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. "Hapa hapajaandikwa kwa idhini ya mkuu," akasema. Nilimwona mwenzangu wa mbele akinyoosha mgongo.

Mchana tukala chapati na maharage, mazungumzo yakahamia kwenye siri. Ahadi ya "hili litabaki baina yetu" ndiyo inayowaingiza walimu wengi matatani, kwa sababu mtoto akishasema lililo zito, mwalimu lazima avunje ahadi au avunje sheria. Tukatunga pamoja maneno ya kufungulia mazungumzo, kila mtu akayasema kwa sauti mpaka yakamkaa mdomoni: "Utakayoniambia sitayapeleka ofisi ya walimu. Yapo mambo matatu tu nitakayolazimika kumwambia mtu mwingine: kama kuna mtu anakuumiza, kama unataka kujiumiza, au kama unataka kumuumiza mwenzako. Na kabla sijamwambia, nitakueleza wewe kwanza." Zikisemwa mwanzoni, sentensi hizo hazimfukuzi mtoto. Zikisemwa baada ya yeye kufunguka, anajiona amesalitiwa.

Kumbukumbu nazo zilichukua muda. Daftari la unasihi lisilo na kufuli ni hatari kuliko kutokuwa na daftari. Liandikwe kwa namba, si majina. Ufunguo wa namba na majina ukae kwenye daftari jingine, mahali pengine. Kila ukurasa tarehe, maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na mlichokubaliana. Maoni ya mwalimu kama "anaonekana muongo" yasiingie, maana daftari hilo linaweza kuitwa mahakamani. Sanduku la maoni lisitundikwe nje ya ofisi ya mkuu, ambako kila anayetumbukiza karatasi anaonekana. Likae karibu na maktaba au njia ya vyooni, lifunguliwe na watu wawili. Mwanafunzi asiitwe kwa unasihi katikati ya kipindi kwa jina lake, wenzake watasema tu. Aitwe kubeba madaftari.

Palikuwa na mvutano juu ya mwalimu wa nidhamu. Shule mbili kati yetu zilikuwa zimempa mtu mmoja kazi zote mbili, na wenyewe walijitetea kwamba wanawafahamu watoto vizuri zaidi. Mama hakuwabembeleza. "Mtoto uliyemchapa saa mbili, saa nane atakwambia nini?" Mimi nasimama naye. Kofia hizo mbili hazikai kichwa kimoja, na shule isiyo na mtu wa pili ni afadhali unasihi impe matroni kuliko mshika fimbo.

Sehemu ya alasiri sikuitarajia. Tulikaa duara, akatuonyesha namna walimu wanasihi wanavyoweza kusimamiana wenyewe pale ambapo hakuna mtaalamu wa kuwasimamia. Watu sita hadi wanane, zaidi ya hapo wengine wanageuka watazamaji. Mmoja anaeleza kesi kwa dakika kumi, bila jina, bila shule, na bila alama kama "binti wa yule muuza chipsi wa stendi," kwani kwa mitaa yetu hilo ni jina kamili. Dakika kumi zinazofuata ni za maswali ya kufafanua tu. Kisha wengine wanazungumza dakika ishirini na mwenye kesi ananyamaza, anaandika. Mwisho anasema hatua moja atakayoichukua na siku atakayoichukua.

Mwalimu mmoja akajitolea. Kesi yenyewe siiandiki hapa. Tulichoharibu mara moja ni kipindi cha maswali: kabla hajamaliza tulishaanza, "Ungemwambia mama yake," "Kwa nini hukumpeleka…" Mama akatusimamisha kila mara. Swali linaloanza na "kwa nini huku" ni lawama, akasema, liulizwe upya. Tulipotulia, ikaonekana kwamba alichohitaji yule mwalimu hakikuwa ushauri. Mwanafunzi wake alikuwa amezungumzia kufa, naye hakuthubutu kuuliza zaidi akihofia kumpandikizia wazo. Kuuliza hakupandikizi. Tukafanya mazoezi wawili wawili, kwa maneno ya wazi: Umefikiria kujiua? Umefikiria utafanyaje? Unacho hicho kitu? Lini? Akijibu kwamba anacho na siku anaijua, haachwi peke yake hata kwenda chooni, kitu kinaondolewa, mzazi anaitwa, na anapelekwa hospitali kwenye huduma ya afya ya akili siku hiyohiyo. Wazazi wengi huficha kwa sababu Kanuni ya Adhabu inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa hiyo mzazi aambiwe mapema kwamba anakwenda kwa daktari, si kituoni. Yule mwalimu alilia kidogo, akafuta uso, akaandika hatua yake.

Kuhusu mafunzo tuliongea kwa haraka: Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama kwa anayetaka kusoma, na kwa wengine duara letu liingizwe kwenye ratiba ya mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ili mkuu wa shule asilione ni umbea wa Jumamosi. Kundi la WhatsApp likafunguliwa kwa tarehe na namba pekee, kesi marufuku.

Kabla ya kutawanyika tuliandika barua moja kwa wakuu wote wa shule. Iliomba vitu vinne: kabati lenye kufuli, vocha ya simu kila mwezi, nauli ya kumsindikiza mtoto na kurudi, na kupunguziwa vipindi. Kila mmoja akachukua mistari yake ya orodha, aijaribu kila muhula unapofunguliwa. Makabati yalipatikana karibu kote, vocha shule chache, nauli ikawa ya kuombea kila safari. Vipindi havikupungua hata shule moja. Barua ya kuviombea sasa tumeipandisha kwa afisa elimu sekondari wa manispaa, na safari hii tumeambatanisha ratiba ya kila mnasihi, ili aone mwenyewe saa ya mtoto ingetoka wapi.