Siku moja na mshale wa kurudi

Saa 11:20 alfajiri

Birika langu lina miaka minne na limeota ukuta ndani. Ni utando mweupe, mgumu, ukiukwangua kwa kijiko unabanduka vipande kama ganda la yai. Maji yetu ya kisima hapa Mikanjuni yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Ukiyachemsha, chokaa inajitenga na kung'ang'ania bati. Mama mwenye nyumba huniambia kila siku, "Mwalimu, loweka ndimu humo usiku kucha." Leo asubuhi sikuloweka. Nilibandua kipande kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, nikakifunga kwenye karatasi na kukitia mkobani.

Nafundisha kemia Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa hapa Tanga, na leo ilikuwa siku niliyoisubiri tangu muhula uanze. Hadi jana wanafunzi wangu walijua mshale mmoja tu: vitu viwili vinakutana, mshale unakwenda kulia, kitu kipya kinapatikana, hadithi imeisha. Leo nilikuwa nawaletea mshale wa pili, ule wa kurudi. Hapo ndipo wengi hukwama, na wakikwama hubaki wamekariri mpaka mtihani wa taifa.

Saa 12:40 asubuhi

Baiskeli, upepo wa bahari, mstarini. Niko zamu wiki hii, kwa hiyo kuhesabu waliochelewa ni kazi yangu.

Saa 2:00 asubuhi

Kipindi cha kwanza, Tatu B: marudio ya kusawazisha milinganyo, kwa sababu jaribio la wiki iliyopita liliniuma. Nilimwita ubaoni kijana mmoja asawazishe haidrojeni na oksijeni zinapotoa maji. Kushoto aliandika H₂ + O₂, kulia H₂O. Akahesabu, akaona oksijeni mbili kushoto na moja kulia, akaongeza kijitarakimu kidogo chini ya O, ikawa H₂O₂. Darasa likapiga makofi.

Kwa hesabu yuko sawa kabisa. Ila sasa kulia hakuna maji tena: kuna haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayouzwa famasi, ukiimimina kwenye kidonda inatoa povu. Nilimuuliza, "Ukisikia kiu utakunywa hii?" Akacheka, akaelewa, akafuta. Kile kijitarakimu cha chini ni utambulisho wa kitu chenyewe, hakiguswi. Tunachoruhusiwa kubadilisha ni namba ya mbele, yaani ni molekuli ngapi zinaingia na ngapi zinatoka. Mbili za haidrojeni, moja ya oksijeni, mbili za maji. Hesabu atomu upande huu, hesabu upande ule: hakuna iliyopotea, hakuna iliyozaliwa.

Jambo hili nimelifundisha mara nyingi, na naamini tatizo si hesabu. Vitabu na mtihani ni Kiingereza, kwa hiyo mtoto anapambana na neno na wazo kwa wakati mmoja. Mimi hutanguliza wazo kwa Kiswahili. Likishakaa, neno la kitabuni hulipachika juu yake bila shida.

Saa 4:00 asubuhi

Chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Mwalimu wa historia alikuwa anapanga somo la Napoleon, nikamwambia hata kemia yangu ya leo ilipita kwenye msafara ule wa Misri wa mwaka 1798. Miongoni mwa wataalamu waliofuatana na jeshi alikuwemo mkemia Claude Louis Berthollet. Huko aliona maziwa ya natroni, na ukingoni mwake tabaka la soda, kitu cha ukoo mmoja na magadi tunayotia kwenye maharage. Maabara za Ulaya zilijua kwamba soda ikikutana na chumvi ya kalisi hutoa chokaa na chumvi ya kawaida. Pale ziwani mambo yalikwenda kinyume: chumvi nyingi mno ilikuwa imekalia mawe ya chokaa, na soda ikazaliwa. Akatambua kwamba wingi wa kitu unaweza kuusukuma mmenyuko, yaani kule kubadilika kwa vitu kuwa vitu vipya, urudi ulikotoka. Mwenzangu akaomba nimwandikie jina hilo kwenye daftari lake. Nilifurahi sana.

Saa 4:40 asubuhi

Tatu A, vipindi viwili mfululizo, maabara. Sikuanza na ubao. Kila meza niliipa silinda mbili za kupimia zinazofanana, A na B, na mirija miwili ya kunywea juisi, mmoja mnene na mmoja mwembamba. A ina maji sentimita za ujazo 50, B ni tupu. Mwanafunzi wa A anazamisha mrija mnene hadi chini, anaziba juu kwa kidole, anainua na kumwaga kwenye B. Wakati huohuo mwenzake wa B anafanya vilevile kwa mrija mwembamba kwenda A. Kila duru wanasoma ujazo na kuandika.

Duru za mwanzo A ilishuka kwa kasi, kwa kuwa maji yake yalikuwa marefu na mrija uliteka mengi. B ilirudisha matone tu. Kadiri B ilivyopanda, mrija wake nao uliteka zaidi. Ilipofika duru ya 22 hivi, meza ya dirishani ikanyamaza. A ilisoma 18, B 32. Wakachota tena: 18, 32. Tena: 18, 32.

"Mwalimu, imesimama."

"Nani amesimama? Nyie mmeacha kuchota?"

Wakatazamana. Mikono yao ilikuwa bado inakwenda. Kinachoondoka A kila duru kilikuwa sawasawa na kinachorudi. Hapo ndipo nilipoandika neno ubaoni: msawazo, ambao kitabuni mwao wataukuta kama ikwilibriamu. Nikawaomba waniambie kwa sauti kilicho sawa ni nini. Si ujazo, maana 18 si 32. Kilicho sawa ni mwendo wa kwenda na mwendo wa kurudi. Kosa hili la kudhani msawazo ni nusu kwa nusu nimelisahihisha kwenye mamia ya karatasi, na leo sikulazimika kulisema mwenyewe. Binti wa meza ya nyuma alilisema kabla yangu.

Kisha nikawaambia waanzie upande wa pili: B iwe na 50, A tupu, mirija ileile. Waliishia 18 na 32 tena. Palitokea minong'ono ya kweli, ile ya mtoto aliyeona kitu asichokitarajia. Nikawapa maji 10 zaidi, wayatie A. Msawazo ukavunjika, wakachota, ukatulia upya kwenye 22 na 38. Gawanya 32 kwa 18, gawanya 38 kwa 22: unapata 1.78 na 1.73, tofauti hiyo ndogo ni ya macho kwenye kusoma silinda. Wanorwei wawili, Guldberg na Waage, walianza kuiandika kanuni ya uwiano huu mwaka 1864. Mwaka 1884 mkemia Mholanzi van 't Hoff akaweka mishale miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na mwaka huohuo mkemia Mfaransa Le Chatelier akaeleza jinsi msawazo ukisukumwa unavyoegemea upande wa kupunguza msukumo.

Meza moja ilishindwa kabisa. Kidole cha mchotaji kilikuwa kinaachia, maji yakadondoka mezani, na hadi duru ya 30 namba zao zilikuwa bado zinashuka. Jumla yao ilikuwa imefika 43. Waliona aibu, nami nikawaambia waiache jedwali yao ubaoni, wasifute. Tutaihitaji.

Mwishoni nilitoa kile kipande cha birika, nikaandika CaCO₃ ⇌ CaO + CO₂, yaani jiwe la chokaa linaachana kuwa chokaa iliyochomwa na kaboni daioksidi, na vinaweza kurudiana, nikasema kipande hiki na mawe ya mapango ya Amboni ni kitu kimoja. Mkono ukanyanyuka.

"Mwalimu, babu yangu anachoma chokaa. Mawe yakishaiva hayarudi kuwa mawe. Sasa mshale wa kurudi uko wapi?"

Nimefundisha miaka tisa, na hilo ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Kengele ikalia. Nikamwambia anipeleke kwa babu.

Saa 9:45 alasiri

Tanuru liko upande wa Amboni, mduara wa mawe uliojaa majivu. Mzee alikuwa anachambua mzigo uliopoa tangu juzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mjukuu amenambia unataka kuona kazi yetu. Karibu, ila usishike kwa mkono mbichi."

Nilimuuliza anapangaje. Kuni chini, mawe juu, kuni tena, na katikati anaacha njia. "Tanuru livute pumzi," alisema. "Ukilibana, jiwe linaiva ganda tu, kiini kibichi." Akanipasulia moja lililoharibika: nje jeupe na jepesi, ndani kijivu na zito.

Kuna mambo mawili hapo, na nilimweleza yule kijana mjukuu yote mawili. Moto wenyewe unataka hewa. Lakini pia jiwe linapopasuka kwa joto la karibu nyuzi 900 linatoa kaboni daioksidi, na hewa hiyo ikibanwa ndani inaishika tena chokaa. Njia ikiwa wazi inapeperuka, na mshale wa kurudi unakosa wa kumrudisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama ile meza iliyomwaga maji." Sikuongeza neno.

Nikamgeukia mzee: "Ukichoma mawe ya uzito wa gunia kumi, unatoa uzito wa gunia ngapi?"

"Sita hazifiki."

Kijana akaokota kijiti, akaandika kwenye majivu. Kwa uzito wa atomu: kalisi 40, kaboni 12, oksijeni tatu 48, jumla 100. Ikiondoka kaboni daioksidi, 44, inabaki 56. Kila kilo 100 za jiwe, kilo 56 za chokaa. Sita hazifiki! Babu alitaka asomewe mara mbili. Amekuwa akijua jibu hilo kwa mabega yake, na mjukuu amelipata kwa kijiti. Walivyokuwa wanatazamana pale, koo langu lilikauka.

Kabla hatujaondoka mzee alizima bonge moja. Akatusogeza nyuma, akatufunika macho kwa mkono wake, akalimwagia kopo la maji. Kwa pumzi chache hakikutokea kitu. Halafu likalia chrrr, mvuke ukapanda, likapasuka nyufa, likavimba na kumomonyoka kuwa unga moto. Ndiyo chokaa ya kupaka. "Ukutani nayo," akasema mzee, "inakuwa jiwe tena. Nenda Tongoni uguse kuta za zamani." Ni kweli: inakunywa polepole kaboni daioksidi ya hewani, inatoa maji, na inarudi kuwa CaCO₃. Njia yake imepitia kwenye maji, lakini imefika nyumbani.

Mzee alinipa mabonge mawili yasiyozimwa, kwenye kopo la rangi lenye kifuniko.

Saa 2:30 usiku

Nimesahihisha madaftari 46. Kwenye swali la "nini kiko sawa wakati wa msawazo", 31 wameandika mwendo, 11 wameandika ujazo, wanne hawakujibu. Hao 15 nitakaa nao kesho saa ya mapumziko, na mirija ninayo.

Bonge la kwanza nimeliacha ndani ya kopo, kifuniko nimekigonga kwa kiganja hadi kikakaa. La pili nimeliweka kwenye sahani dirishani, mahali ambapo unyevu wa bahari unaingia. Mizani ya maabara itafunguliwa saa 1:30 asubuhi. Nimemwambia kijana awahi, ayapime yeye.