Kibera kabla ya mabati

Wageni wakiandika kuhusu Kibera huanza na mabati yaliyobanana, kana kwamba watu waliangukia pale usiku mmoja. Mimi ni Mnubi wa Makina, kijiji kimojawapo cha Kibera, na Kibera niliyosimuliwa nyumbani ilianza na mahindi.

Wazee wetu walikuwa askari. Asili yao Sudan, katika jeshi la Emin Pasha, gavana aliyewekwa na Misri kusini mwa Sudan. Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua mwaka 1891 karibu na Ziwa Albert, na mwishowe wakaingia KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza. Walipostaafu hawakuwa na kwa kurudi, basi kuanzia 1904 jeshi likawapa pori lililo kusini-magharibi mwa Nairobi, mji ambao nao ulikuwa mchanga, kwani reli ilifika 1899. Upimaji wa wakati wa Vita vya Kwanza ulitoa takriban ekari 4,197. Hebu zipige picha hizo kichwani, halafu uangalie ramani ya leo.

Haboba, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akisema mashamba yalikuwa makubwa hata ukimwita jirani ilibidi urudie. Kulikuwa na ng'ombe, maharagwe, mihogo. Wanawake walisuka tabaga za kufunikia chakula, na wengi wao walipika jini ya Kinubi, pombe kali iliyosomesha watoto wengi kuliko serikali ilivyotaka kukiri. (Sehemu hiyo Haboba aliisimulia kwa sauti ya chini, maana alikuwa ameshahiji.) Jina la Laini Saba, kijiji kingine cha Kibera, wazee wanasema, ni kumbukumbu ya uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha.

Lakini karatasi! Askari alipewa pasi ya shamba: kibali cha kukaa na kulima, si umiliki. KAR ndiyo iliyosimamia eneo hadi 1928, kisha likaenda kwa watawala wa kiraia, na hao hawakuwa na deni la vita na mtu yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Tume ya Ardhi ya Carter ikaamua kwamba Wanubi ni wapangaji tu kwa hiari ya Serikali ya Uingereza, ingawa ikasema ni haki walipwe fidia au wapewe pengine pa kukaa wakiondolewa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Kibera ya leo ilipotengenezwa. Mtu asiye na hati hajengi nyumba ya mawe. Anajenga ya udongo, anaongeza chumba, anapangisha wageni wanaokuja kutafuta kazi mjini, na huyo mpangaji naye analeta ndugu zake. Huku ukingoni, eneo likimegwa kujenga mitaa mingine: Woodley, Ayany, Olympic, Fort Jesus, Nyayo Highrise.

Mwaka 2017 jamii yetu ilipata hati ya ekari 288. Ni ya wote kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kuchukua kipande chako ukakopee benki, na kila Idi baba zangu wadogo hubishana juu ya hilo mpaka biriani inapoa. Mimi niko upande wa hati ya pamoja. Pasi zilitolewa kwa mtu mmoja mmoja, na mtu mmoja mmoja ndivyo tulivyosukumwa.

Ila wapangaji wetu wa miaka hamsini, waliozika wazazi wao wakiwa hapa hapa, hati hiyo haisemi neno juu yao. Mazungumzo hayo nyumbani bado hatujayaanza.