Siku moja maishani mwangu: ubao unaopumua

Saa 12:10 asubuhi. Sijanawa hata uso, tayari niko karakana. Jana usiku nilibandika sitaha (uso wa juu) ya ubao wangu, nikaubana kwa vibano vyote nilivyonavyo, na vya kuazima juu yake. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Nafungua kibano cha kwanza huku nimetega sikio, nikisubiri ule mlio wa gundi kuachia. Kimya. Cha pili, kimya. Kufikia cha kumi nimeanza kupiga mluzi.

Ninachounda ni ubao wa kuelea majini, ambao mtu husimama juu yake na kupiga kasia: urefu mita 3.2, upana sentimita 80, na ndani ni mtupu. Mkuku wa plaiwudi, yaani uti wa mgongo wake, unapita katikati toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na kila baada ya sentimita 30 hivi kuna taruma, ubavu unaokatiza. Juu na chini nimefunika kwa plaiwudi ya milimita 4. Kabla ya kufunikwa ulifanana na bawa la ndege za zamani. Si ubunifu wangu. Mmarekani Tom Blake alipata hataza ya ubao mtupu mwaka 1932, na sisi wa karakana za nyuma ya nyumba bado tunakula jasho lake.

Saa 1:30 asubuhi. Nanoa randa, kisha naanza kula kingo za sitaha zilizozidi. Hapa ndipo ninapoipenda plaiwudi. Ukiichonga kwa mshazari, matabaka yake yanajitokeza kama mistari, mweupe, mweusi, mweupe, na ile mistari ndiyo rula yako. Ikienda sambamba bila kuyumba, mkunjo wa ubao uko sawa. Ikikusanyika mahali, pana kibonde. Ikitanuka, umekwangua mno. Karibu na omo, upande wa kushoto, mistari imejikunja kama nyoka. Jicho halikuwa limeona chochote, ila kiganja kilishanong'ona jana. Dakika arobaini kwa sehemu isiyozidi urefu wa mkono wangu.

Saa 4:45 asubuhi. Jaribio la kuvuja, saa ninayoiogopa kuliko zote.

Watu hudhani adui wa ubao mtupu ni maji. Mimi nasema ni hewa. Ubao uliozibwa kabisa ukiachwa juani, hewa ya ndani ikapanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi, shinikizo linaongezeka kwa takriban asilimia 14. Inasikika ndogo. Lakini maana yake ni kwamba kila mita ya mraba inasukumwa kutoka ndani kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 1,300. Hakuna gundi ya kuvumilia hayo kila siku. Ndiyo maana sitahani pana tundu lenye kizibo cha skrubu: nchi kavu kinafunguliwa, majini kinafungwa. Ndiyo maana pia kila taruma nimelitoboa, hewa ipite chumba hadi chumba mpaka ifike tunduni. Fundi akisahau hilo, ameunda masanduku kumi yaliyofungwa.

Naingiza mpira mwembamba tunduni na kupuliza kwa mdomo. Pampu siithubutu, inaweza kuufumua ubao kabla sijajua. Binti yangu anachungulia mlangoni.

"Baba, mbona unaubusu ubao?"

"Siubusu, mwanangu. Naupulizia roho. Njoo na brashi."

Mimi napuliza, yeye anapaka povu la sabuni kwenye maungio. Upande wa kulia hakuna kitu. Kushoto hakuna kitu. Tunafika tezi.

"Baba, hapa panacheka."

Kweli, vipovu vidogo vinatoka kimoja kimoja, kwa taratibu ya kuudhi, mahali ambapo niliruka nafasi ya kibano kimoja kwa uvivu.

Saa 6 mchana. Nasuuza sabuni kwa maji safi, nakausha, napiga msasa mpaka mbao mpya ionekane, kwa sababu epoksi, gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, na sabuni haziivi chungu kimoja. Nachanganya epoksi na unga wa msasa wa mbao hiyohiyo, nasukuma uji huo ndani ya ufa. Tunapuliza tena baada ya kugandamana. Hakuna anayecheka.

Saa 8 mchana hadi saa 10 ni msasa tu: namba 80, kisha 120. Barakoa usoni, vumbi masikioni. Sina la kusimulia.

Saa 11:20 jioni. Faiba, kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa epoksi juu ya mbao. Ningeweza kuianza mchana, na mara ya kwanza nilipounda ubao nilifanya hivyo. Mbao inapopata joto, hewa iliyomo kwenye vinyweleo vyake hutanuka na kutoka ikitoboa epoksi. Nilipata uso wenye chunusi. Siku hizi nasubiri joto lishuke, ili mbao ivute epoksi ndani badala ya kuitemea hewa.

Natandaza kitambaa, nahakikisha kizibo kiko wazi, nachanganya sehemu 2 za epoksi kwa 1 ya kigandishi na kuimwaga haraka kwenye trei pana, maana ikikaa ndani ya kikopo hujipasha yenyewe hadi ifuke moshi. Naisambaza kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda kingoni. Kitambaa cheupe kinapotea machoni, mistari ya mbao inaibuka kama imelowa mvua.

Saa 3:40 usiku. Nimerudi na tochi, eti kuangalia tu. Mbu mmoja amenasa karibu na omo, atabaki humo. Upande wa chini na pezi ni kazi ya wiki ijayo. Nalowesha kidole mate na kukishikilia juu ya tundu. Usiku unapoa, na hewa inapita kidogo kidogo kando ya kidole changu, ikiingia ndani.